Lazima baba aje? Uzazi wa mpango na nafasi ya mume

Mama akienda kliniki na mwenza wake, mara nyingi huhudumiwa kwanza. Akienda peke yake, katika baadhi ya vituo huulizwa aliko baba, na wengine hutakiwa kuleta barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Utaratibu huu ulianza kwa nia njema kwenye kliniki ya wajawazito, ili wenza wapime VVU pamoja. Siku hizi wito wa kumshirikisha baba umefika pia kwenye uzazi wa mpango. Je, wanawake wenyewe wanautaka?

Wanaotaka mume ajue

Wengi wanataka, na sababu zao ni za kila siku. Nauli ya kwenda kituoni mara nyingi hutoka kwa mume. Sindano hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na inaweza kuleta matone ya damu au kukatisha hedhi. Mume aliyesikia maelezo ya nesi hashtuki. Asiyesikia anaweza kudhani mkewe anaumwa au anamficha jambo.

Wanaoogopa

Wengine wanajua kwamba mume akiulizwa, atakataa. Wanahofia ugomvi, kipigo au kuachwa. Mama wa namna hii huchagua sindano kwa sababu haiachi alama, na kadi yake huihifadhi kwa dada au jirani.

Utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha uzito wa jambo hili. Wanawake walipewa vocha za huduma ya uzazi wa mpango, baadhi wakiwa peke yao na wengine mbele ya waume zao. Waliopewa peke yao walifuata huduma kwa wingi zaidi, wakachagua zaidi njia zinazofichika, na mimba zisizotarajiwa zikapungua. Lakini baadaye hali yao ya furaha ilikuwa chini kuliko ya wenzao. Siri iliwakinga, lakini iliwaelemea pia.

Huko Mangochi, Malawi, wanaume walitembelewa na wanaume wenzao waliokuwa tayari wanatumia uzazi wa mpango. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa matumizi yaliongezeka, na wenza wakaanza kuzungumza kwa urahisi zaidi. Hapa baba alifuatwa aliko, na mama hakupewa kazi ya kumvuta hadi kliniki.

Kwa nini lituhusu sasa

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 31 ya wanawake walioolewa wanatumia njia za kisasa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 32. Hatujasonga mbele. Kumshirikisha baba kunaweza kusaidia, mradi kusigeuke kuwa ruhusa. Mama anayerudishwa nyumbani leo kwa sababu amekuja peke yake anaweza kurudi kituoni akiwa mjamzito.

Ufanye nini?

Kama nyumbani kuna maelewano, anza na afya ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Chagua wakati mmetulia, kisha mwalike mwende pamoja ili aulize maswali yake mwenyewe. Mweleze kwamba zipo pia njia za wanaume: kondomu, na kufunga kizazi kwa mwanamume.

Kama unaogopa, huna wajibu wa kumweleza kwanza. Vidonge, sindano, vipandikizi na kitanzi havihitaji saini ya mume. Mwambie nesi faraghani kuwa unahitaji njia isiyoonekana. Kumbuka kuwa kipandikizi hupapasika mkononi, na nyuzi za kitanzi mume anaweza kuzihisi, ingawa nesi anaweza kuzikata fupi. Ukirudishwa kwa sababu huna mume pembeni, omba kumwona mganga mfawidhi wa kituo. Na kama kuna kipigo, dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo.

Wewe unayemlea binti au unayeishi na mkwe, usiwe wa kwanza kumuuliza kama mumewe amekubali. Muulize kwanza yeye anataka nini.