Njia ya Mitwaba ilinipatia amani, lakini tusisifu mawe yake

Mvua imerudi Likasi, na mazungumuzo ya barabara yamerudi pamoja nayo. Wiki hii, pale kwenye kituo cha pikipiki, kijana mumoja alikuwa anaambia wenzake kama safari ya milima inasafisha moyo. Aliona video ya watalii wenye walikuwa wanapanda mulima na pikipiki kubwa, wanacheka ndani ya matope. Wenzake wakamuchekelea. Mimi sikucheka, juu ninajua kama alikuwa anasema kweli nusu. Ile nusu ingine ndiyo inanisukuma kuandika leo.

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua ikinyesha kila siku. Muke wa yaya yangu alikufa kule Mitwaba. Mimi na yaya tulikuwa na miaka 9 bila kusemeshana. Sababu ni ile yenye imegawanya familia nyingi hapa kwetu: nyumba ya baba. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mupango wa kuondoka kwa hiari, muzee wetu alikuwa kati yao. Kisha miaka kidogo akatuacha. Kulibaki nyumba moja huko Panda, na wana wawili wenye kila mumoja alisema ni yake. Tulifika mupaka kwenye tribinali.

Ile wiki hakukuwa gari yenye ilikubali kwenda. Nikatafuta manseba. Kijana mumoja wa Kikula akakubali, lakini akaniambia kwanza: "Baba, nitakufikisha. Lakini nikisema shuka, unashuka. Nikisema sukuma, unasukuma. Kwa njia hatubishane." Nikaitika haraka, bila kujua nimeitika nini.

Masaa ya kwanza yalipita muzuri. Tulipishana na vijana wenye kusukuma makinga yenye kubeba saki za makala, wanakuja kuuzisha mujini. Mimi nyuma nilikuwa ninapanga maneno ya kumuambia yaya. Nilikuwa na hesabu yote kichwani: nani alilipa dawa ya muzee, nani alinunua jeneza, nani alibadilisha mabati. Kila fasi pikipiki iliruka, niliongeza neno moja.

Tulipumuzika karibu na maporomoko ya Kiubo, kule muto Lufira unaanguka na sauti kubwa. Kisha tukaanza milima ya Bia. Pale maji ya mvua yalikuwa yamekata njia, kumebaki mawe tu na mifereji yenye inaweza kumeza mupira muzima. Tulianguka mara mbili. Mara ya pili nikakasirika, nikaanza kufundisha yule kijana namna ya kupita. Akazima mashini. Akanitazama, akasema pole pole: "Baba, tulipatana." Nikanyamaza.

Kuanzia pale nilishuka wakati alisema shuka, nikasukuma wakati alisema sukuma. Wakati unasukuma pikipiki juu ya mawe, haiwezekane kufikiri nyumba ya Panda. Unaangalia jiwe lenye liko mbele yako. Ukilipita, unatafuta lingine. Usiku ukatukuta kwenye kijiji kimoja. Mama mumoja akatupatia maji ya kunawa, bukari na lengalenga. Hakuuliza majina yetu. Aliuliza tu: "Munaenda kwa kilio?" Asubui wakati niliamuka, niliona kama tangu Kiubo sikupanga tena hata neno moja.

Tulifika Mitwaba mangaribi. Yaya alitoka na ndoo ya maji. Aliniona na matope mupaka kwenye macho. Akasema: "Ulipita ile njia juu yangu?" Tulilia. Hakuna mutu alitaja nyumba. Leo ile nyumba hatujaigawanya, lakini kesi tuliiondoa, na franka za mupangaji zinalipa masomo ya watoto wake wenye wanasoma hapa Likasi.

Sasa, nisikilizeni muzuri. Watu wanasema milima inapatia mutu amani juu ya uzuri wake. Mimi sikuona uzuri, niliona mawe. Ile amani ilitoka kwa vitu vingine. Sikushika uskani. Nilikubali kuongozwa na kijana mwenye miaka nusu ya yangu. Nilikula chakula cha mutu mwenye hanijue. Hasira inapenda mutu mwenye anafikiri anatosha yeye peke yake, na ile njia ilinionyesha kama sitoshe. Lakini hauhitaji kufika Mitwaba juu ya kujifunza ile. Kuko watu hapa wenye wanaishi Kikula, na ndugu yao yuko Shituru, franka kidogo tu za pikipiki, na hawasalimiane. Njia yao iko na goudron. Wanangojea nini?

Ile ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni hii: tusisifu ile barabara. Mimi nilipita mara moja, kwenda na kurudi. Yule kijana anapita karibu kila wiki, bila kofia, mikono imejaa vidonda. Kwake yeye si safari ya moyo, ni bukari ya watoto. Na kwenye kurudi tulikutana na wanaume wane wenye walibeba mama mwenye mimba kwenye kipoyi, wanamupeleka kutafuta hospitali. Tulisimama pembeni, tukawaachia njia. Sikujua namna ilimalizika. Mawe yenye yalinituliza mimi ndiyo yalikuwa yanamutesa yule mama.

Na watu wa ule upande wamekwisha kuteseka sana. Miaka ya 2005 na 2006, Mitwaba, Pweto na Manono ziliitwa pembetatu ya kifo, juu ya vita ya Mai-Mai. Vita ya ule wakati ilipita, lakini mutu mwenye hawezi kufika hospitali anaona tofauti gani?

Hatuko jimbo lenye halina kitu. Kila siku malori ya kuivre na kobalti yanapita mbele yetu. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema kwamba kwa ile malipo yenye kampuni zinatoa juu ya madini, 25 kwa mia ni ya jimbo, na 15 kwa mia ni ya miji, sekteri na shefferi kwenye madini yanatoka. Basi ni haki yetu kuuliza: mwaka huu, sehemu gani ilienda kwenye barabara? Hata kuchimba mifereji ya maji mbele ya mvua kungesaidia kwenye ile milima.

Kwa vijana wa pikipiki: muvae kofia, na mukatae mizigo yenye inapita nguvu. Kwa mwenye hasemeshane na ndugu yake: usingojee kilio. Na kwa wakubwa wetu: sisi tutatafuta amani ya moyo sisi wenyewe, ninyi mututengenezee njia.