Kompyuta za Dagoretti Corner na wazee wa Bunyore

Makao ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi. Humo ndimo picha za setilaiti hupokewa na mvua ya siku zijazo kukokotolewa. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kawangware, ambako mvua kubwa ikinyesha mitaro hujaa na maji huingia vyumbani.

Mitambo ipo. Imani ndiyo haba. Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwatoa Wakenya hofu kwa kusema kwamba El Nino kali haingekuwepo. Mwezi uliofuata mafuriko yakakumba Pwani na kaskazini mashariki. Masika ya 2024, wataalamu walipotabiri mvua nyingi kuliko kawaida, wengi walisikia na kuendelea na shughuli zao. Aprili Mto Mathare jijini Nairobi ukavunja kingo. Kote nchini, karibu watu 300 walifariki msimu huo.

Magharibi mwa Kenya tatizo hili la imani lilishughulikiwa kwa njia ambayo Nairobi ingeweza kuiiga. Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, Kaunti ya Vihiga, umetabiri mvua kwa vizazi. Wazee wake husoma kuchanua kwa miti, mienendo ya wadudu na vyura, na mwelekeo wa upepo. Kuanzia 2008 hivi, wanasayansi wa idara hiyo na wa ICPAC, kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD, waliketi nao. Kabla ya msimu kila upande ulileta utabiri wake, wakalinganisha, wakakubaliana juu ya tangazo moja, likapelekwa barazani na redioni kwa lugha ya wenyeji. Ramani ya utabiri iliyojaa asilimia ikapata mdhamini anayejulikana kijijini.

Mpango huo ulifaa kwa sababu kila upande ulijua unapoishia. Setilaiti huona Bahari ya Hindi ikipata joto miezi kadhaa kabla ya mvua, wala haijui maji yatapita nyuma ya nyumba ya nani. Mzee anajua maji yatakapopita, ila joto la bahari hana namna ya kulipima. Tena dalili zake zinavurugika: miti huchanua nje ya wakati, na msitu ukifyekwa, wadudu na ndege wa kusomwa hutoweka. Anayedai kwamba mila pekee zitatuokoa anawabebesha wazee mzigo wasioumudu.

Nairobi yenyewe ilijengwa bila kuwauliza wenyeji. Wamaasai walinywesha mifugo yao kwenye kinamasi kilichokuwa hapa, wala hawakujenga mji juu yake. Reli ilipofika 1899, wakoloni wakaweka stesheni papo hapo. Kila masika barabara za katikati ya jiji hugeuka vidimbwi, na matatu hupandisha nauli.

Hata hivyo, mara nyingine mila husikilizwa. Pale Westlands, kwenye Waiyaki Way, umesimama mugumo mkubwa, mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya Nairobi Expressway hadi Novemba 2020, amri ya Rais Uhuru Kenyatta ilipounusuru baada ya wanamazingira kupiga kelele. Ni ushindi, ingawa mdogo: mti mmoja ulipona kwa amri, mingine mingi kando ya barabara hiyo ikakatwa.

Wala si lazima kungoja amri ya rais ili maarifa ya jadi yaheshimiwe, kwani sheria haina upungufu. Kifungu cha 11 cha Katiba kinatambua mchango wa sayansi na teknolojia za kienyeji katika maendeleo ya taifa, na tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi.

Masika huanza Machi, na utabiri wa msimu hutolewa kabla yake. Wakati huo idara ingeweza kuketi Kawangware na Riruta na wakazi wa miaka mingi, wenye kukumbuka mikondo iliyozibwa na majumba, wakachora pamoja ramani ya nyumba za kuonywa kwanza. Wakazi hao walipwe posho kama mshauri mwingine yeyote. Kutoka Dagoretti Corner, safari hiyo ni ya bodaboda tu.