Miaka 18 si tarehe ya harusi

Sisi vijana wakimbizi wa Kampala tukikaa pamoja, maongezi yanaanza popote: mpira wa jana, bei ya posho, mwenye nyumba amepandisha kodi, nani ameitwa kwa safari ya Canada. Lakini mwisho yanafika palepale, kwenye kuoa na kuolewa. "Msichana aolewe na miaka mingapi?" Mmoja anasema 18, mwingine 20, mwingine 25. Na hakosi wa kusema, "Mama yangu aliolewa na 15, tumezaliwa wanane, shida iko wapi?" Watu wanacheka, tunarudi kwenye mpira.

Leo tunataka tubaki hapo kidogo. Kwa maoni yetu hii namba 18 inaeleweka vibaya pande mbili. Wengine wanaiona ni sheria ya Waganda na mashirika, sisi haituhusu. Wengine wanaiona kama kengele: ikilia tu, binti atoke nyumbani. Pande zote mbili zinakosea, na anayelipa ni dada yetu.

Tuanze na wale wa "kule kwetu". Kwetu wapi? Kongo, sheria ya familia ya mwaka 1987 iliruhusu msichana wa miaka 15, lakini mwaka 2016 ilibadilishwa, sasa ni 18 kwa wote. Burundi, msichana ni 18 na mvulana 21. Kenya waliandika 18 kwenye sheria ya ndoa ya mwaka 2014. Tanzania, dada mmoja, Rebeca Gyumi, alikwenda mahakamani kupinga vifungu vya sheria ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa na 15, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Alishinda mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, akashinda tena mwaka 2019. Hakuwa mzungu wa shirika. Ni kijana wa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Kwa hiyo ukisema "kule kwetu inaruhusiwa", unasema habari za zamani. Na hapa Uganda, Katiba inasema wote wawili wawe wamefika 18. Tena kulala na mtoto wa chini ya miaka hiyo ni kosa la jinai, hata kama wazazi wamekubali na mahari imeshaliwa. Kuwa mkimbizi hakukuondoi kwenye sheria hiyo.

Sisi hatuwatukani wazazi. Tunajua mama anayetembeza vitenge kutwa nzima juani, halafu jioni anahesabu kama kodi itafika. Hapa mjini hatupewi chakula kama wenzetu wa Nakivale. Kila mtu ajitegemee. Akija mwanaume mwenye kazi anamtaka binti, nyumbani wanaona mdomo mmoja umepungua na usalama umepatikana. Lakini tumeona mara nyingi hesabu hiyo inavyoishia. Ndoa inavunjika, binti anarudi chumba kilekile na mtoto mgongoni, midomo sasa ni miwili, na shule imeshapita. Umaskini haukuondoka. Umemhamia yeye.

Sasa upande wa kengele. Hapa ndipo tunataka wazee na mashirika watusikilize sana, kwa sababu miaka ya mkimbizi haiendi kama ya wengine. Mtoto anaweza kutoka Kivu ana miaka 13, amesoma kwa Kifaransa, akifika Kampala anarudishwa primari ya nne kwa sababu hajui Kiingereza. Kisha kuna miaka ambayo ada haikupatikana. Halafu ikaja korona: shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mtu kama huyo anafika 18 yuko senia mbili. Kwa mahesabu ya mtaani ni mwanamke mzima. Kwa mahesabu yake mwenyewe, ndiyo kwanza anaanza.

Na hiyo 18 yenyewe imetoka wapi? Angalieni karatasi zetu. Wangapi tumezaliwa tarehe 1 Januari! Tunataniana kwamba ni birthday ya taifa la wakimbizi. Sababu inajulikana: tarehe kamili isipojulikana siku ya kuandikishwa, inaandikwa 1 Januari. Basi msichana aliyezaliwa Novemba, karatasi inamfikisha 18 miezi kumi kabla ya mwili wake. Na mahali ambapo hata mwaka ulikadiriwa, pengo linaweza kuwa kubwa zaidi. Watu wanaokimbilia kusema "karatasi inaruhusu" wamkumbuke huyo.

Katiba yenyewe haikuishia kwenye umri. Inasema ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili wanaooana. Mjomba hayumo, mchungaji hayumo, shehe hayumo, jirani anayeuliza "wenzako wote wako kwao, wewe unangoja nini?" hayumo. Hata mahari haimfungi mtu: mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo dada asiambiwe avumilie kipigo kwa sababu ng'ombe au pesa zilishatolewa.

Kwa ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika: asanteni kwa semina na fulana. Lakini msifunge faili siku binti anapofikisha 18. Huo ndio mwaka shinikizo linapozidi, na ndio mwaka anapotolewa kwenye orodha ya watoto. Kama amebakiza miaka miwili ya shule au mafunzo ya ushonaji, mwachieni nafasi amalize. Ada ya muhula itamlinda kuliko bango.

Kwa sisi vijana wenyewe, wavulana kwa wasichana: swali la "miaka mingapi" tuendelee kuliuliza, ni zuri, lakini lisisimame peke yake. Tukisikia harusi ya mtu wa mtaani kwetu, Katwe, Nsambya au Kansanga, tuulize pia: yeye mwenyewe amesema nini? Alikuwa anasoma nini? Nani aliamua? Kama ni mtoto, simu ya 116 ni bure, mtu apige. Kama ameshapita 18 na hataki, asiambiwe amechelewa. Kama amepita 18 na anataka kwa moyo wake, basi tuvae vitenge, twende tukacheze.