Dawa ya Maumivu Haiazimwi Kama Jembe



Wewe unayelima viazi Kinangop, na wewe unayepanda mpunga Mwea, nyote mwajua maumivu ya mgongo na magoti. Kuinama kutwa nzima, kukama ng'ombe alfajiri kwenye baridi, na kubeba magunia ni kazi isiyo na huruma kwa viungo, hasa mtu akiisha kupita miaka 50. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika nyumba nyingi za wakulima mna bahasha ndogo ya vidonge vya diclofenac au ibuprofen.

Sina ugomvi na dawa hizo, maana zimesaidia watu wengi. Neno langu ni juu ya desturi yetu ya kuazimana dawa kama tunavyoazimana jembe. Jirani akisema goti lamwuma, twampa vidonge viwili tulivyobakiza. Twafanya hivyo kwa upendo, lakini nasema desturi hii ni mbaya, na yafaa tuiache.

Fikiri jambo hili. Unapochanganya dawa ya kupe, wapima dawa na maji kwa uangalifu. Dawa ikipungua, kupe hawafi. Ikizidi, ng'ombe hudhurika. Hakuna mkulima mwenye akili atakayemwambia mwenzake, "Mimina tu." Je, mwili wako una thamani ndogo kuliko ng'ombe?

Sasa ujue dawa hizi zafanyaje kazi. Mwili hutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, na vidonge hivi huzizuia. Lakini kemikali za namna hiyo hiyo huulinda ukuta wa tumbo usichubuliwe na asidi, tena husaidia damu kupita vizuri katika figo. Kwa hiyo kidonge kinachotuliza goti chaweza kuleta kidonda tumboni bila wewe kuwa na habari. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, mwenye presha na mwenye pumu huweza kudhurika upesi kuliko wengine. Mwenye mimba asimeze bila ruhusa ya daktari, hasa mimba ikifika majuma 20. Jirani yako hajui hayo juu yako. Mweleze tabibu yote, pamoja na dawa nyingine unazotumia, hasa za presha na za kuzuia damu isigande.

Ukiisha kupewa dawa, fuata maandishi ya bahasha. Ikiandikwa 1 x 2, maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Usimeze viwili kwa mara moja kwa sababu leo ni siku ya kuvuna. Meza baada ya kula, kwa maji ya kutosha, wala usichanganye na pombe. Usimeze diclofenac na ibuprofen pamoja, maana hizo ni jamaa moja, na kuzichanganya ni kuongeza madhara. Aspirini nayo ni ya jamaa hiyo; kama daktari alikupa kwa ajili ya moyo, usiiache, bali mwambie tabibu. Ukiharisha au kutapika sana, muulize tabibu kabla ya kuendelea. Siku ulizopewa zikiisha, acha. Na dawa ya ng'ombe isimezwe na mtu kamwe.

Ukipata choo cheusi kama lami, ukitapika kitu kama machicha ya kahawa, miguu ikivimba, mkojo ukipungua, au kifua kikiuma na pumzi kukatika, acha vidonge hivyo na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Najua utasema, "Dispensari ni mbali, foleni ni ndefu, na mvua haingoji." Hayo ni kweli. Lakini pima hasara. Foleni itakula siku moja. Mtu aliyelazwa kwa kutokwa damu tumboni huenda akapoteza msimu mzima, na ng'ombe akauzwa kulipia matibabu.

Tena kumbuka ya kuwa kidonge hupunguza maumivu tu. Hakiondoi chanzo chake. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Mnunuzi akidai gunia lililorefushwa, mkatalie, kwa maana mgongo unaobeba mzigo huo kila siku hauponi kwa vidonge.

Jioni ya leo, tazama mahali unapoweka dawa. Vidonge vya zamani, visivyo na jina wala maelezo, usimpe mtu, vipeleke dispensari. Jembe likivunjika utanunua jingine sokoni, lakini figo haziuzwi sokoni.