Mtoeni Mshubiri Gizani

Kuanzia Ntimaru huku Kuria hadi Homa Bay imezagaa imani kwamba mshubiri hauna masharti. Ni mmea wa jangwani, watu husema, mkaidi, haufi. Basi hupandwa katika mkebe wa rangi uliokwisha, ukasukumwa pembeni mwa kabati la televisheni, ukawa unamwagiwa maji kila nyumba inapopigwa deki. Wenye imani hiyo wamechanganya mambo mawili yasiyo na undugu, kuvumilia kiu na kuvumilia giza. La kwanza mshubiri umejaliwa, la pili hauna kabisa. Ule wa kawaida unaouzwa kwa ajili ya ute wake asili yake ni Bara Arabu, pande za akina Oman, na jamaa zake wa huku kwetu, ambao Wajaluo huwaita ogaka, humea kwenye nyika zilizo wazi na miteremko ya mawe. Huko mvua ni ya kubahatisha, lakini nuru haijawahi kuwa haba.

Kosa huanzia machoni. Mboni ya jicho la binadamu hupanuka na kusinyaa kufuata mwanga, kwa hiyo sebule yenye pazia huonekana kuwa na nuru ya kutosha, maana gazeti linasomeka. Kipimo husema mengine. Jua la adhuhuri nje hutoa laksi zipatazo 100,000, na kivuli cha mwembe uani kinaweza kubakiwa na 10,000 hivi. Katikati ya chumba, hatua chache kutoka dirishani, mara nyingi hazizidi mia chache. Mmea uliotoka uani ukaingizwa humo umepunguziwa chakula mamia ya mara, kwa kuwa nuru ndiyo inayoupikia chakula. Asiye na kipimo aweke karatasi nyeupe pale ulipo mkebe, saa sita mchana, kisha ainue kiganja juu yake. Kivuli chenye ukingo dhahiri kinaonyesha pahali panapofaa. Kikiwa ukungu tu, au kisipoonekana, pembe hiyo iachiwe saa ya ukutani.

Watasema: mbona wetu umekaa sebuleni mwaka mzima na bado uko hai? Uko hai kwa sababu unakula akiba. Jani la mshubiri limejaa maji na sukari iliyotengenezwa siku za jua, na mmea wenyewe hutumia polepole mno. Uhai huo usitazamwe kwa kuhesabu miezi, utazamwe kwa umbo. Majani yaliyosimama hulala na kutawanyika, hurefuka yakawa membamba, rangi hupauka, na shina huinamia dirisha. Mwenye nyumba akiona hivyo hudhani ni kiu, huongeza maji, na hapo ndipo anapouua, kwa kuwa mmea usio na nuru haunywi. Udongo hubaki chepechepe na mizizi huoza. Kisha lawama huangukia udongo wa duka la miche.

Wengine wana hoja ya kisasa zaidi, kwamba mshubiri ukae chumba cha kulala kwa sababu hutoa oksijeni usiku. Hoja hii imejengwa juu ya nusu ya ukweli. Mshubiri kweli hufungua vitundu vya majani yake usiku ili usipoteze maji kwa joto la mchana, ukavuta kabonidioksidi na kuihifadhi kama asidi. Lakini oksijeni hutokana na maji yanayovunjwa kwa nguvu ya nuru, na usiku nuru hiyo haipo. Kuhusu kusafisha hewa, utafiti wa NASA wa mwaka 1989 unaotajwa kila mahali ulifanywa katika visanduku vidogo vilivyozibwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikokotoa kwamba ili mimea ishindane na upepo wa kawaida wa jengo, ingehitajika kuanzia 10 hadi 1,000 kwa kila mita mraba ya sakafu. Mkebe mmoja chini ya kitanda haumsaidii anayelala wala haujisaidii.

Basi dirisha gani? Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya huagiza dirisha la kusini, na ushauri huo hunakiliwa huku bila kufikiriwa. Ntimaru iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini Machi na Septemba, huegemea kaskazini Juni na kusini Desemba, na hata likiegemea hubaki juu sana saa sita, kiasi kwamba upenu wa mabati huzuia miale kuingia. Nuru ya kweli huingia kwa ubavu, mashariki asubuhi na magharibi jioni. Na kwa kuwa katika nyanda hizi za mashariki mwa Ziwa Victoria mawingu na radi hupenda kuja alasiri, dirisha la mashariki ndilo lenye jua la kutegemewa. Mkebe ukae kwenye kizingiti chenyewe, pazia likiwa wazi.

Pingamizi lenye uzito ni la wale waliowahi kuutoa nje ukaungua. Hawakosei walichoona, wanakosea kulilaumu jua. Mkulima wa tumbaku wa Kuria hang'oi mche kitaluni leo na kuuanika shambani kesho bila maandalizi. Hupunguza kivuli na maji kidogo kidogo hadi jani likomae. Mshubiri wa sebuleni nao unadai hivyo hivyo: jua la asubuhi tu kwa wiki ya kwanza, kisha saa zaidi na zaidi. Rangi ya kahawia au wekundu ikijitokeza si ugonjwa, ni kinga ambayo jani limejivika, na hufifia mmea ukizoea. Kuungua kwenyewe ni baka jeupe au la rangi ya majani makavu, nalo halirudi kijani.

Hata hivyo, hatari kubwa ya nje huku ni mvua. Kuria si jangwa, na msimu mrefu wa masika huujaza mkebe usio na matundu hadi mizizi ielee. Wanaofuga kuku, ambao wengi huweka shubiri kwenye maji ya kunywea kuku wakihofia kideri, waupande juu ya tuta lenye kokoto, upande wa mashariki wa nyumba, mbali na michirizi ya mabati. Asiye na uwanja wala dirisha la mashariki au magharibi ampe jirani mshubiri wake, na sebuleni aweke picha.