Nyuki na Majumba Yao



Katika Sura An-Nahl, aya ya 68, Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba za nyuki kuwa mahali patatu: milimani, mitini, na katika vile wavijengavyo wanadamu. Sisi tukaao Saza, wilayani Songwe, hatuna haja ya kwenda mbali kuyashuhudia hayo.

Nyuki wa asali, yule aumaye, hupenda mahali penye uwazi, pakavu na penye giza. Utamkuta ndani ya mti mkubwa wenye pango, katika ufa wa mwamba, hata katika kichuguu kilichohamwa na mchwa. Humo huyatundika masega yake ya nta, kila sega likiwa na vijumba vya pembe sita pande zote mbili. Nyufa huziziba kwa utomvu wa miti. Na mtu amtengenezeapo mzinga na kuutundika mtini, naye huridhika akaingia.

Wako tena nyuki wadogo wasiochoma. Hawa hukaa katika matundu ya miti na ya kuta, na wengine chini ya ardhi. Mlangoni huweka kijimrija cha nta, na asali yao hawaitii masegani, bali katika vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu.

Ama yule mweusi mkubwa atoboaye boriti zetu, yeye hana malkia wala mzinga. Jike huchimba kwa meno katika mti mkavu, akagawa vyumba kwa unga wa mti huo, na katika kila chumba akaweka yai moja pamoja na chakula cha mtoto. Mwingine hukata majani vipande vya mviringo akayatandika tunduni mwake.

Nimeyaeleza haya kwa sababu. Kiangazi kilichopita wanafunzi wangu walinijia mbio, wakanipeleka kuona mti mkubwa wa mtundu uliolala chini. Mtu aliutia moto shinani, kisha akauangusha ili apate asali. Alichopata hakikujaza ndoo moja, kwani masega mengi yalikuwa na watoto wa nyuki tu. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hawa waliobaki watalala wapi?" Nikanyamaza, maana nami katika ujana wangu nilivua magome ya miti kwa kutengenezea mizinga, na mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote hufa.

Hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas yatujulisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuua nyuki. Basi yafaa tujiulize: aichomaye nyumba yao amebakisha nini? Tena hasara yamrudia mwenyewe. Mti wenye pango huchukua miaka mingi kupatikana, lakini mzinga wa mbao, au wa gogo la mti uliokwisha kuanguka, waweza kuvunwa mwaka baada ya mwaka. Arinaye na atumie moshi kidogo, ayaache masega yenye watoto, na awabakizie nyuki chakula chao.

Nanyi wazazi, waambieni watoto wasiwatupie nyuki mawe, bali wamwite mtu mzima. Na yule aliyeniuliza swali nimemwahidi mzinga mmoja wa mbao. Tutautundika pamoja, inshallah, kabla miti haijachanua.