Nyumba za Mwambao na Vazi Jipya la Plastiki

Upepo wa kusi ukianza kuvuma, mwenye nyumba aliye karibu na bahari hana haja ya kupewa habari. Hupitisha kidole juu ya komeo la dirisha akaiona chumvi. Mabati aliyoyanunua yakimetameta yamekwisha kupata madoa mekundu penye misumari, na lipu ya saruji aliyoipaka mwaka juzi yaanza kufura na kubanduka. Ndipo amjiapo mtu na kipande cha ubao mweusi mkononi, akamwambia kwamba huu haushiki kutu, hauliwi na mchwa, haurowi, na isitoshe umetengenezwa kwa taka za plastiki zilizookotwa ufuoni. Akiuvika ukuta wake, yeye atakuwa amestirika na pwani nayo itakuwa imesafishika.

Maneno hayo yana ukweli mwingi ndani yake, na kwa sababu hiyo hasa yafaa yapimwe kwa makini kabla mtu hajatoa pesa zake.

Kwanza tuseme kwamba kuvika nyumba vitu vilivyokwisha kutumika si jambo geni kwetu. Katika miji ya kale ya mwambao, mawe ya matumbawe ya nyumba iliyoanguka hayakutupwa. Yalijenga nyumba ya pili, na pengine ya tatu. Boriti iliyo nzima iliondolewa ikapandishwa kwingine. Na wale wasiokuwa na uwezo wa mawe walipasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyoosha kwa nyundo, wakayagongomea juu ya fito. Wazee wetu wengi wamezaliwa katika nyumba za madebe, na wanajua vyema kilichofuata: joto la mchana, kelele za mvua, na baada ya misimu michache ya kusi, ukuta uliotoboka mfano wa chujio.

Sasa mahali pa debe pameingia plastiki. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, watu wengi zaidi wamefikiri la kufanya na plastiki iliyobaki, yaani chupa, mitungi, ndoo na ndara. Lamu ilitoa mfano uliosikika duniani kote. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, ambalo mbao zake zimetengenezwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyokusanywa, na ubavuni likavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mapema mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri mpaka Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, na likafika salama.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanasema: ikiwa ubao huu umestahimili bahari, utashindwaje na ukuta wa nyumba? Lakini chombo na nyumba havipati mateso ya namna moja. Jahazi lina maji ya kulipoza, na halikai ubavu kwa ubavu na jiko la jirani. Ukuta unaoelekea magharibi hupigwa na jua la alasiri kila siku iliyojaliwa, mwaka baada ya mwaka.

Plastiki hutanuka kwa joto kuliko mbao, kuliko jiwe, kuliko chuma. Ubao wa mita 3 wa plastiki ya namna ya mitungi ya maji, ukiwa na baridi ya alfajiri kisha ukapigwa na jua la saa nane, waweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita moja. Fundi aliyeugongomea misumari pande zote mbili ameufunga usipate pa kwenda; basi utajikunja, au utang'oa msumari. Anayejua kazi hutoboa matundu marefu, akaacha nafasi kati ya ubao na ubao, na wala hakazi misumari mpaka mwisho. Tena jua lenyewe huila plastiki taratibu. Usoni hupauka, hufanya unga, kisha hupasuka nyufa ndogo ndogo, na unga huo huchukuliwa na mvua ukarudi baharini, mahali palepale tulipodai kuutoa. Ubao uliotiwa masizi meusi huishi zaidi, kwa kuwa masizi huzuia miale ya jua, ila weusi huo nao huvuta joto. Sijui mwenye kutaka nyumba nyeusi Mombasa mwezi wa Februari.

Zaidi ya hayo, plastiki si kitu kimoja. Ile ya mitungi na ile ya chupa za maji ya kununua hazishikani zikiyeyushwa pamoja, na ubao uliochanganywa ovyo huvunjika upesi. Mnunuzi anaweza kufanya jaribio dogo asilipie senti: akate kipande akitumbukize ndooni. Plastiki ya mitungi na ya ndoo huelea. Ya chupa za maji huzama, na ya mabomba ya maji huzama pia. Ubao uliochanganywa na mchanga nao utazama, kwa hiyo na aulize kwanza kama umetiwa mchanga. Muuzaji asiyeweza kusema ubao wake umetoka kwenye nini, aheri aachwe aende zake.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya moto.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, huko London, friji ilishika moto jikoni katika ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24. Moto wa jiko moja haukupasa kuua watu 72. Ulichokifanya ni kutoka dirishani na kukutana na vazi jipya la jengo, ambalo kazi yake ilimalizika mwaka 2016: mabamba ya alumini membamba yenye plastiki katikati. Plastiki hiyo ni poliethilini, jamaa moja na mitungi yetu ya maji. Ilipopata moto ikayeyuka, ikadondoka, ikawaka, na katika muda mfupi moto ulikuwa umepanda hadi juu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na ilisimuliwa sana wakati ule kwamba Waislamu waliokuwa macho wakingoja daku walikuwa miongoni mwa wa kwanza kunusa moshi na kuwagongea majirani milango.

Mabamba yale hayakuwa ya taka, hilo ni kweli. Walakini moto hauulizi kama plastiki ni mpya au imeokotwa. Na tuiangalie miji yetu. Katika Lamu ya kale, vichochoro vingine punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Gari la zimamoto halina njia ya kupita humo. Nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na kilichoziokoa nyingi kwa miaka mamia ni kwamba jiwe na chokaa haviwaki. Mwenye kuuvika ukuta wake plastiki katika mtaa kama huo hajajiamulia nafsi yake tu, bali amewaamulia na majirani zake. Tena tangu mwaka 2001 mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na uso wa nyumba ya humo si wa kugeuzwa mtu apendavyo.

Kuna na jambo la ukuta wenyewe. Jiwe la matumbawe lina vitundu, nalo hunywa maji. Maji hupanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi, hutafuta njia ya kutokea, yakifika usoni hukauka na kuiacha chumvi ikikua na kusukuma. Lipu ya chokaa ni laini na ina pumzi. Huyaachia maji yatoke, yenyewe ikamomonyoka kidogo kidogo, nasi tukaipaka upya. Saruji ni ngumu, haipumui. Maji yakizuiwa hupanda juu zaidi, na huko juu hukutana na vichwa vya boriti za mikoko vilivyozikwa ukutani, vikaoza pasipo mtu kuona. Siku dari inaposhuka, watu husema nyumba ilikuwa imezeeka. Nami nimeona nyumba moja ya jamaa zangu ikipatwa na hayo baada ya fundi kuwashauri waachane na chokaa, ati mambo ya kizamani. Sasa, ubao wa plastiki uliobanwa moja kwa moja juu ya ukuta wa namna hiyo utafanya kazi ileile ya saruji, na kwa haraka zaidi, isipokuwa ukiachiwa nafasi ya upepo kupita nyuma yake.

Basi anayetaka kitu kilichotumika, kinachodumu na kisichowaka, na atazame alumini. Kuiyeyusha alumini kuukuu hutumia kama asilimia 5 tu ya nguvu inayotumika kuitengeneza mpya, na hewa ya bahari haiilii upesi kama iilavyo mabati ya chuma. Ina miiko miwili: isigusane na misumari ya chuma tupu, wala na saruji au chokaa mbichi, maana huliwa. Na yale mabamba ya zamani ya asbestosi yanayobomolewa majengoni, hata yakitolewa bure yasiguswe. Kuyakata msumeno ni kuvuta vumbi liletalo saratani ya mapafu.

Ubao wa plastiki nao una mahali pake pa heshima, nako ni ua, zizi, gati, viti vya barazani na kibanda cha nyavu kilicho mbali na jiko. Huko utayashinda magogo kwa miaka mingi na kuipumzisha mikoko. Anayeutumia na afunge kwa misumari ya chuma kisichoshika kutu, ingawa ni ghali, kwa kuwa msumari wa kawaida huisha kabla ya ubao, na ubao ulioanguka baharini utabidi uokotwe mara ya pili.